Stafingi ya mkate kwa bata mzinga wa Krismasi: mwongozo kamili, mwenye oveni na mwenye sigiri

Mkate nunua tarehe 22, usingoje 24. Naanza na hilo kwa sababu kila mwezi wa 12 watu wananiuliza mambo ya viungo, mara seji, lile jani la harufu, inapatikana wapi, mara niweke soseji au nisiweke, na hakuna anayeuliza mkate, wakati mkate ndo stafingi yenyewe. Ukiuingiza kwenye supu ukiwa bado laini unapata uji wa ngano. Nimeuona uji huo kwenye meza nyingi hapa Kampala, wageni wanachota kijiko kimoja kwa heshima ya mama mwenye nyumba alafu wanarudi kwenye matoke na pilau, na mimi roho inaniuma ju najua pesa na muda uliopotea pale.

Kwa ambaye hajawahi kuila, stafingi ni mkate uliokaushwa, ukachanganywa na vitunguu vilivyolainishwa kwa siagi, majani ya harufu, mayai na supu ya yule ndege mwenyewe, alafu ikaokwa mpaka juu ikawa na gamba na ndani ikabaki laini yenye unyevu. Waingereza wanaila na bata mzinga wa Krismasi na wao wanapenda zaidi ya seji na kitunguu, Wamarekani siku yao kubwa ni Thanksgiving, Alhamisi ya 4 ya Novemba, na kule kusini mwa Marekani wengi wanatumia mkate wa unga wa mahindi na wanaiita dresingi. Hapa Uganda bata mzinga tunamjua siku nyingi, ssekkokko wa Waganda, ila wengi tunamkatakata tunamchemsha kama kuku wa kienyeji. Mwaka huu ukiamua kumchoma mzima basi usimwache peke yake kwenye sinia, mpikie na hii.

Mimi nimepika majumbani Kololo na Muyenga miaka mingi, oveni nzuri nimezitumia, na nyumbani kwangu napika na sigiri, jiko letu la makaa, kwahiyo nitawaelekeza njia zote mbili.

Vitu vya kutafuta, kwa watu 10 mpaka 12

Mkate mweupe wa kilo 1, au miwili ya nusu kilo
Vitunguu maji 4 vya kadiri
Seleri mashina 5 au 6
Siagi gramu 150
Supu lita 1, na kikombe kimoja cha akiba pembeni
Mayai 3
Seji mbichi iliyokatwa vijiko vikubwa 2, au ya kukausha vijiko vidogo 2
Thaimu kijiko kikubwa 1, rozimari iliyokatwa ndogondogo kijiko kidogo 1
Pilipili manga kijiko kidogo kimoja na nusu
Chumvi, tutaizungumzia
Kitunguu saumu punje 3 ukipenda

Seleri na seji utazipata soko la Nakasero kwa wale akina mama wa mboga za wazungu, au supamaketi kubwa, na seji ya kwenye kichupa inafaa kabisa. Rozimari usinunue kabla hujaangalia uani kwa jirani, nyumba nyingi hapa mjini zimeipanda kama ua na wenyewe hawajui inaliwa, omba tawi moja tu. Thaimu ikikosekana mimi natumia mujaaja, ule unaotia kwenye chai, harufu zao zina undugu, ila mujaaja ni mkali sana, majani manne matano ya kukatakata yanatosha sufuria nzima, ukizidisha chakula chote kitanuka dawa. Dania usiweke, sio kwa sababu ni mbaya, ni kwa sababu ikiingia tu harufu zingine zote zinanyamaza. Seleri ikikosa kabisa, pilipili hoho mbili za kijani zitakupa ule utamu wa mboga, haitakuwa ladha ileile lakini hutajuta.

Siagi ikikushinda bei, Blue Band inafanya kazi ila ina chumvi, kumbuka hilo mbele. Samli nzuri ya Mbarara nayo napenda sana humu, inaleta harufu ya nyumbani, lakini samli haina maji kama siagi kwahiyo weka gramu 120 tu, la sivyo stafingi itakuachia mafuta chini ya sahani.

Mkate, taratibu

Mkate uliolala sio mkate uliokauka, hapa ndo wengi wanapokosea. Mkate ukikaa siku tatu kwenye mfuko wake wa nailoni unakakamaa kwa sababu wanga wa ndani unajipanga upya na kuwa mgumu, lakini maji bado yamo humohumo, na ukiupasha unarudi laini tena. Sisi tunataka maji yatoke ili supu ipate pa kuingia. Kila kipande ukifikirie kama sponji, sponji iliyojaa maji haiwezi kunyonya kitu.

Mikate yetu mingi hapa ina sukari, hilo sio kosa, tunaipenda hivyo na chai, lakini kwenye stafingi sukari inasumbua mara mbili: ladha inavutana na seji, na kwenye moto mkate unabadilika rangi kabla haujakauka ndani. Tafuta ule usio mtamu, na ukipata duka la mikate linalokubali kukuuzia mzima usiokatwa slesi ndo bora zaidi kwa sababu unakata mwenyewe vipande vya sentimita 2 kila upande. Slesi ni nyembamba, ukilazimika kuzitumia kata vipande vipana kidogo. Ganda usilitoe. Mkate wa maziwa na skonzi acha.

Saizi ya vipande usiichukulie kama jambo dogo. Kampuni ya Marekani ya General Foods ilipotoa stafingi ya pakiti ya Stove Top mwaka 1972, ile ya kuiva kwa dakika chache juu ya jiko, mmoja wa walioibuni alikuwa mama aitwaye Ruth Siems, na siri kubwa iliyoandikwa kwenye hati yao ya ubunifu ilikuwa ukubwa wa vipande vya mkate. Vikiwa vidogo mno vinayeyuka kuwa ujiuji, vikiwa vikubwa mno vinanyonya pembeni tu na katikati vinabaki vikavu.

Kukausha kwa oveni: tandaza vipande kwenye treya visipandane, moto wa digrii 135 hivi, dakika 45 mpaka 50, ukigeuza mara mbili. Unataka kikauke mpaka katikati lakini kisiwe kahawia sana. Chukua kimoja kivunje, kikikatika kwa mlio kiko tayari, kikipinda rudisha.

Kukausha kwa jua: tandaza kwenye ungo, funika na kitambaa chepesi au kipande cha neti kwa ajili ya inzi, weka ungo juu ya meza na miguu ya meza itie kwenye vikopo vya maji maana sisimizi wa Kampala wakipata mkate wataita ukoo wote. Siku mbili za jua zinatosha, jioni unaingiza ndani. Mvua ikikuharibia mipango chukua karai pana, weka juu ya sigiri yenye makaa yanayofifia na geuza geuza kwa mwiko kama unakaanga karanga, kidogo kidogo, usijaze.

Vikishapoa weka kwenye ndoo safi yenye mfuniko, vitakaa mpaka tarehe 25 bila shida.

Supu

Tarehe 24, ukishamchinja na kumsafisha bata mzinga, chukua shingo, ncha za mabawa na moyo, tia maji lita 2, kitunguu kimoja kilichokatwa mara mbili, majani ya seleri ambayo ungeyatupa, punje chache za pilipili manga. Ichemke polepole saa moja na nusu mpaka mbili, isitokote kwa fujo. Chuja, upate kama lita 1 na zaidi kidogo. Ini usilitie kwenye supu, linaleta uchungu, likaange pembeni.

Na firigisi? Wazungu wanaikatakata wanaitia kwenye stafingi na ni tamu kweli, lakini kama unapikia familia ya Kiganda uliza kwanza, kwa mila yao firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba na kuna wazee bado wanaingoja, na mzee asiyeiona kwenye sahani yake hatafurahia hata hiyo stafingi. Mimi namwekea yeye.

Kama hukuchinja mwenyewe na umenunua ndege wa friza, angalia ndani ya tumbo, mara nyingi kuna kimfuko chenye shingo na viungo vya ndani, kitoe. Ukikosa kabisa tumia mifupa ya kuku. Mchemraba wa Royco uwe njia ya mwisho, na ukiutumia usitie chumvi nyingine mpaka uonje.

Vitunguu na majani

Yeyusha siagi kwenye sufuria pana, tia vitunguu na seleri vilivyokatwa vidogo, nusu kijiko cha chumvi, moto mdogo, dakika 10 mpaka 12. Usiviunguze. Hatutafuti rangi ya pilau hapa, tunataka vitunguu vilegee ving'ae na viache utamu wao kwenye siagi. Saumu na majani ya harufu vinaingia dakika mbili za mwisho, maana seji ikikaangwa muda mrefu inakuwa chungu. Utajua imefika kwa harufu, watoto wataanza kuja jikoni kuuliza. Hii unaweza kuifanya jioni ya tarehe 24 ukaweka kwenye friji, asubuhi ukapasha moto siagi iyeyuke tena.

Kuchanganya

Beseni kubwa kuliko unavyodhani. Tia mkate mkavu, mimina vitunguu na siagi yake yote, geuza kwa mikono mpaka kila kipande kipate mafuta kidogo. Alafu supu, iwe vuguvugu, isiwe ya kuchemka. Mimina nusu, geuza, ngoja dakika tano, mimina robo, geuza, ngoja. Hapo onja kipande kwa ajili ya chumvi na pilipili, onja kabla ya mayai, ukishatia mayai mabichi huonji tena. Piga mayai matatu kwenye robo ya supu iliyobaki, ndo maana nilisema isiwe ya moto, yatagandia humohumo, mimina, changanya kwa upole bila kukanda. Hii sio chapati.

Sasa chukua ngumi moja, bana. Ikishikana na kuacha matone mawili matatu kati ya vidole, ipo sawa. Ikitiririka, ongeza mkate kama una akiba au iache ikae dakika 15 inyonye. Ikivunjika kama mchanga, ongeza supu ya kile kikombe cha pembeni, kidogo kidogo. Mkate wa kila duka unanyonya tofauti kwahiyo kipimo changu cha lita 1 ni mwanzo tu, ngumi yako ndo mwamuzi.

Ndani ya bata mzinga au nje? Mimi naoka nje, kwenye sahani yake, na nina sababu. Stafingi iliyo ndani ya tumbo inanyonya maji ya nyama mbichi, na inachelewa kupata moto kwa sababu iko katikati kabisa, kwahiyo vidudu kama salmonela vinaweza kubaki hai humo. Idara ya Kilimo ya Marekani inataka katikati ya stafingi ifike digrii 74, na kungoja ifike hapo kifua cha ndege kinakuwa kimeshakauka kama kuni. Unapoteza nyama ili uokoe mkate. Nje unapata vyote viwili, na unapata gamba la juu ambalo kwa wengi ndo linalogombaniwa.

Ukitaka ndani kwa sababu bibi yako alifanya hivyo, sawa, lakini jaza dakika ileile unayomtia ndege ovenini, usijaze usiku ukamlaza kwenye friji. Kipimo kama kikombe kimoja na nusu kwa kila kilo ya ndege, kilegee, kwa sababu itavimba. Mayai na supu vichanganye na mkate wakati huohuo wa kujaza, sio kabla. Pima joto katikati ya stafingi, sio pajani peke yake. Akitoka mwache apumzike dakika 20 alafu ichote yote uiweke bakuli lingine.

Kuoka kwa oveni

Paka siagi sahani ya sentimita 23 kwa 33, tandaza bila kushindilia, juu acha vipande vimeinuka inuka maana ncha hizo ndo zitakuwa kru kru. Funika na foili, digrii 180, dakika 30. Fungua foili, dondoshea siagi kidogo juu, rudisha dakika 20 mpaka 25. Kipimajoto cha chakula kikisoma 74 katikati toa. Kama huna kipimajoto, chomeka kisu katikati, hesabu mpaka kumi, kisu kitoke cha moto kabisa na hapo katikati pasiwe na yai la majimaji. Ila kipimajoto kinunue, kitakusaidia na nyama pia. Bata mzinga anapotoka kupumzika oveni inabaki wazi, hapo ndo muda wa kuingiza stafingi, vyote vinafika mezani vya moto.

Kuoka kwa sigiri

Mwaka mmoja umeme ulikatika saa nne asubuhi ya Krismasi nikiwa na treya mbili mbichi na watu 14 njiani. Bata mzinga alikuwa ameshaiva nusu tukammalizia juu ya makaa, na stafingi niliipalia, kama tunavyopalia wali, na kusema kweli ile ya sigiri ndo watu walimaliza kwanza, kwahiyo tangu hapo hata umeme ukiwepo saa zingine nafanya hivi.

Tafuta sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu safi wa unene wa sentimita 3 chini, au panga mawe matatu bapa. Funika, weka juu ya sigiri, ipate moto dakika 15. Stafingi iweke kwenye sufuria ndogo iliyopakwa siagi, isizidi kimo cha sentimita 6 hivi, ifunike na foili, iingize ndani. Funika sufuria kubwa kwa mfuniko bapa wa chuma au sinia la bati na juu yake panga makaa yaliyoshika vizuri. Makaa mengi yawe juu, chini acha machache, kama sehemu mbili juu na moja chini, ukizidisha chini itaungua kabla juu haijapata rangi. Dakika 40 usifungue. Alafu inua mfuniko taratibu usimwage majivu, toa foili, funika tena na makaa mapya juu dakika 15 mpaka 20. Ufanye nje au kwenye baraza lenye hewa, makaa ndani ya chumba kilichofungwa yanaua watu kimyakimya.

Njia nyingine kama huna hata foili ni jani la ndizi, vile tunavyofanya luwombo, kile chakula cha Kiganda cha kupikwa ndani ya jani. Babua jani laini juu ya moto mpaka lilegee, tia stafingi vijiko vinne vitano, kunja, funga na kamba ya mgomba, pika kwa mvuke saa moja kamili juu ya matoke. Gamba hutapata, lakini ile harufu ya jani na seji pamoja inafaa kuonjwa. Kila mgeni na kifurushi chake.

Vya kuongeza, ukitaka

Wenzetu wa Ulaya wanatia chestinati, njugu tamu za unga unga ambazo hapa huzioni. Badala yake mimi naweka gonja, zile ndizi ndefu tamu za kuchoma. Choma gonja iliyoiva wastani, isiwe nyeusi, kata vidogo, kikombe kimoja kwa mkate wa kilo 1, changanya mwishoni. Inakaribia sana. Uyoga nusu kilo ukaangwe peke yake mpaka maji yaishe ndo uingie, ukiingia mbichi utaharibu kipimo cha supu chote. Soseji itoe kwenye ngozi, ikaange iive kabisa, gramu 300 zinatosha, na kama kuna Waislamu mezani chukua ya ng'ombe kwa muuzaji wa halali na uwaambie mapema wasile kwa wasiwasi. Simsim ya kule kaskazini, iliyokaangwa, nyunyiza juu dakika kumi za mwisho. Usitie vyote kwa siku moja, chagua kimoja.

Iliyobaki

Ndani ya saa mbili iingie friji, kwenye vyombo vifupi ili ipoe haraka, itakaa siku 3 mpaka 4. Umeme ukikatika muda mrefu na friji ikapoteza baridi usiionee huruma, ina mayai na supu, mwaga. Asubuhi ya tarehe 26 kata vipande vinene, weka kwenye kikaango chenye siagi kidogo, moto wa wastani, usiguse mpaka chini ishike rangi, geuza mara moja, hakikisha ndani imepata moto sawasawa. Vunja yai juu, funika dakika mbili, kunywa na chai ya tangawizi.